Sikio la Shangazi na Chupa za Soda

Niliondoka Burungu kwa sababu ya sikio la mtu mwingine. Shangazi yangu Vumilia, mkulima wa Mpofi, alituma habari kwamba sikio la kulia halimwachi alale, na matone aliyopewa hayasaidii. Mimi ni muuguzi. Katika familia yetu, ugonjwa ukizidi, napandishwa pikipiki.

Mpofi, asubuhi. Nilimkuta amejifunga kitambaa kichwani. Usaha ulikuwa ukitoka, na mdomo wake upande huo umeanza kulegea. Hapo nikaogopa. Huku kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, hivyo mezani palijaa soda, sukari na asali za majirani.

“Shangazi, unakunywa maji mingi? Unaenda choo mara na mara?”

“Mi nakuambia sikio, we unauliza choo.”

“Jibu tu.”

“Naenda sana. Ni hizi soda.”

Niwaeleze kwa upole, kwa sababu wengi hatujui. Uzeeni magonjwa hupenda kuja kwa makundi. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara huashiria kisukari. Mzee mwenye kisukari akipata kidonda sikioni, kinaweza kuingia ndani hadi kwenye mfupa wa kichwa na kuugusa mshipa wa fahamu unaosogeza uso. Matone hayafiki huko. Tena sukari isiposhuka, dawa hupigana ikiwa imefungwa mkono mmoja.

Masisi, mchana. Tukiwa njiani kumpeleka hospitali ya Kirotshe, tulipumzika kwa Mama Furaha, anayesali na shangazi tangu zamani. Alileta soda kabla hatujakaa. Nikaikataa.

“Mugonjwa apite kwangu bila kunywa kitu? Batasema nini juu yangu?”

“Umupe maji, Mama.”

“Huyu muuguzi iko na roho nguvu,” akamwambia shangazi.

“Njo vile alizaliwa,” shangazi akajibu, macho yakiifuata chupa. Soda ilinywewa na dereva wa pikipiki, ambaye hakuwa na malalamiko.

Kirotshe, siku iliyofuata. Hospitalini daktari alianza kwa kumtoboa kidole.

“Docteur, kidole aiumi.”

“Najua, Mama. Tunafuata sikio kwa njia ya mbali.”

Sukari ilikuwa juu sana. Presha nayo ilikuwa juu, na hakuna aliyewahi kuipima. Daktari alinivuta pembeni akaniambia kwamba ugonjwa huo wa sikio huua, na kwamba tungengoja zaidi asingeahidi chochote. Wakaanza sindano za insulini na antibiotiki, na kila siku walilisafisha sikio.

Sukari ikashuka. Kisha ikapanda tena, na maumivu yakarudi. Wauguzi waliangalia dawa, wakaangalia chakula. Mimi niliangalia chini ya mto.

“Aliyeileta alitoka mbali,” shangazi alisema. “Ningemurudishia chupa yake namna gani?”

Daktari hakumgombeza. “Mama, kama sukari aishuki, mimi siwezi kuokoa sikio. Na nyuma ya sikio kuko kichwa.”

Tangu siku hiyo shangazi alipokea kila chupa kwa mikono miwili, akashukuru, akambariki mgeni, kisha akampa soda kijana wa kitanda cha pili aliyevunjika mguu. Kijana yule alinenepa.

Mpofi tena, wiki nyingi baadaye. Maumivu yameisha. Mdomo umebaki umepinda kidogo. Shangazi anasema unatosha kwa kula maharagwe. Vidonge na sindano atavitumia maisha yake yote.

Miongoni mwa waliokuja kumpokea alikuwa Papa Bahati, mzee wa jirani, pamba puani, kichwa amekiinua juu. Pua ilikuwa ikitoka damu tangu asubuhi, na kila mtu alikuwa na shauri. Shangazi alimwinamisha mbele, akambana pua kwa vidole.

“Papa, presha yako iko ngapi?”

“Mi natoka damu mu pua, Mama Vumilia. Presha inaingia wapi?”

“Njo ile tutauliza kwenye kituo cha afya. Damu ikiacha, twende.”

Nilichojifunza ni hiki: mzee akilalamikia sikio, pua au koo, mpimeni sukari na presha pia, hata akiwacheka. Papa Bahati alicheka hadi kituo cha afya. Walipompima, muuguzi wa pale alimwomba akae, akapima tena: presha ilikuwa juu sana. Ameanza vidonge. Pua imekauka.