Mla Mayai Bandani kwa Dada

Siku hizi mtu akimwona nyoka hupiga kwanza, kisha huuliza jina la maiti. Zamani tulitazama: kichwa, shingo, mwendo. Sasa nyoka wote wamekuwa mmoja, na kila mwenye fimbo ni shujaa. Dada yangu alikuwa wa kizazi cha kutazama, ndiyo maana namwandika.

Alifuga kuku nyuma ya nyumba na kuuza mayai dirishani. Hakutupa kitu. Kila asubuhi alifagia banda mwenyewe, akaokota maganda yote yaliyoanguka, akayatwanga bila kuyatazama na kuyachanganya na pumba za kuku.

Kisha mayai yakaanza kupungua, tena yale madogo ya mitetea. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mke wa mwanawe, maana mwana mwenyewe alifanya kazi mbali. Dada hakumshtaki mkwe wake waziwazi. Alisema na kuku, kwa sauti ya kufika jikoni.

"Tageni, wanangu, tageni. Humu ndani tuna nguchiro anayevaa viatu."

"Mama, nimekula nini mimi?"

"Nimesema na kuku. Wewe ni kuku?"

Mimi, niliyekaa nyumba ya pili, nilicheka. Binti yule hakucheka. Jioni moja nilimkuta anakunja nguo na kuzitia kwenye begi.

"Mjomba, mtu haishi nyumba anayohesabiwa matonge. Jumamosi narudi kwetu."

Kabla ya Jumamosi goti la dada likavimba, akashindwa kuinama. Mkwe akaenda kufagia banda. Alirudi ameshika ganda la yai lililokunjwa na kubanwa kama kapi la muwa, kavu, bila hata tone la ute.

"Mama, na hili nimelitafuna mimi?"

Dada aliligeuza ganda lile, akalinusa. Wakati wote ule alikuwa akimtwangia mwizi ushahidi wake.

"Huyu ni nyoka mla mayai," alisema taratibu. "Hulimeza yai zima, akalipasua kooni, akanywa kilichomo, akatema ganda."

Tulimkuta chini ya nyasi za viota, wa kahawia mwenye mabaka meusi. Alijikunja na kujisugua mwili kwa mwili, akatoa sauti kama mafuta yanayokaanga. Jirani yetu mwashi akaja mbio na sepetu.

"Kifutu huyo! Tokeni!"

"Shusha hiyo sepetu, baba," dada alimwambia. "Kifutu ni mnene kama paja lako, kichwa kipana, shingo imebana, na mlio wake ni pumzi. Huyu ni mwembamba, kichwa kidogo hakijaachana na shingo. Anasugua magamba tu. Anajifanya kifutu ili watu kama wewe wakimbie."

"Amefaulu," alisema mwashi, ambaye tayari alikuwa nje ya banda.

Nyoka akaurukia ufagio mrefu aliokuwa nao dada, kinywa wazi.

"Vitisho vitupu," alisema dada. "Meno ya kuuma hana."

"Kama mama mkwe fulani," alinong'ona binti.

Dada alicheka hadi akashika goti. Kisha akamsukuma nyoka kwa ufagio hadi ndani ya ndoo niliyoilaza chini, nami nikaifunika.

"Na mtu asipomjua?" aliuliza mwashi, bado yuko mbali.

"Asipomjua akae kando, amwite anayejua. Nyoka anayepewa njia huondoka."

Tulimwachia kichakani, ng'ambo ya kijito, kwenye viota vya ndege. Siku hizi angepigwa, kisha akapigwa picha.

Dada hakujua kuomba radhi kwa maneno. Wazazi wetu waliomba radhi kwa sufuria. Aliporudi jikoni akabandika kikaango.

"Mkwe, nikukaangie mayai mangapi?"

"Yote niliyokwisha kula, mama."

"Basi sogeza kiti," alisema dada, akivunja la kwanza. "Tutakaa sana."