Mahojiano Yaliyokatizwa na Mwano

Mkono wa kulia wa yule mzee niliuvunja mimi. Nasema mapema ili mtu asije akanihurumia mbele ya safari.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, magazeti ya watu binafsi yanaota kila kona. Gazeti moja la Mwanza lilinipa ukurasa wa kuzungumza na wasomi, na mhariri akaniuliza kwetu Bariadi tuna msomi gani. Nikamtaja profesa mstaafu wa Lalago, wilaya jirani, aliyeacha nyumba ya chuo Dar es Salaam akarudi kulima pamba na kufuga.

Maisha yake yote ya usomi yalikuwa juu ya mwano. Huko kwetu ng'ombe wakiibwa hupigwa yowe, huo ndio mwano, na kila mwanamume anayelisikia anatoka na silaha, hata kama tonge liko mdomoni. Asiyetoka ni mwizi au mshirika wa mwizi. Mzee aliusifu sana kwenye kitabu chake, akauita sheria isiyo na hakimu wa kuhongwa. Siku moja mkutanoni mtu alipouliza kama walimu na wachungaji wa makanisa wasamehewe, alisimama akasema asisamehewe mtu, hata yeye mwenyewe. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walimpigia makofi.

Nilimkuta asubuhi, magunia ya pamba yamejaa sebuleni yakisubiri wanunuzi wapya. Tukaamkiana mwangaluka, nikaweka redio kaseti mezani nikaanza kurekodi.

"Ninyi vijana mnatembea na mashine kwa sababu vichwa vinavuja," alinitania.

Nikamuuliza: mtu aliye ndani ya kundi, akiona kundi limekosea, afanye nini? Kabla hajajibu, mwano ukapigwa upande wa mtoni. Akainuka, akashika rungu lake. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikasema, "Mzee, jibu hilo tu kwanza. Tepu inazunguka."

Aliitazama ile mashine. Nadhani ilimpendeza, kusikilizwa baada ya miaka mingi ya kuongea na ng'ombe. Akaketi.

"Leo watanisamehe, nina mgeni."

Alizungumza vizuri mno. Alisema mtu huyo atoke na kundi kwanza, maana aliyebaki nyumbani hana mdomo wa kulikanya. Nilikuwa nimegeuza tepu upande wa pili sungusungu waliporudi.

Walikuwa wameshaua. Mtu mmoja walimkuta kwenye majaruba ya mpunga wakampondaponda, na marungu yao bado yalikuwa na damu na nywele. Ng'ombe hawakuonekana, kwa hiyo walitaka mshirika. Walipiga mlango teke, wakamvuta mzee kwa shingo hadi uani, mmoja akamkanyaga mgongo. Alikuwa anawaita kwa heshima, mmoja mmoja, wanafunzi wake wa zamani. Wakampiga ngumi mdomoni.

Kamanda wao akanigeukia. "Na wewe?"

"Mimi mpita njia. Nilisikia mwano, ndiyo nafika sasa hivi. Huyu simjui."

Ulimi wangu haukukwama hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Basi piga," akasema, akanipa rungu la mzee mwenyewe.

Mzee aliinua mkono kuzuia. Nilipiga. Mfupa ulilia kama bua kavu la pamba, na wote wakafuata, wakawa wanampiga juu ya pigo langu, mbavu, magoti, kichwa. Walipotaka kummalizia, mke wake alijilaza juu yake, naye akala marungu matatu kabla kamanda hajapuliza filimbi. Nilikimbia bila redio. Nikamwambia mhariri tepu imeliwa na mashine.

Miezi miwili baadaye mzee aliniita. Nilifikiri amenichimbia kaburi. Kumbe redio yangu ilikuwa mezani palepale, na karatasi, na kalamu ambayo yeye hawezi tena kuishika.

"Uniandikie," alisema. Sauti ilipita kwenye meno mawili yaliyobaki mbele.

Akawasha tepu. Tulimsikia akieleza nadharia yake, kisha mlango, kisha mimi, kutoka uani, nikisema simjui. Kisha lile rungu. Akaizima.

"Andika: wa kwanza kupiga rungu alikuwa mgeni wa nyumba. Umeandika?"

"Nimeandika, mzee."

"Sasa fungua kitabu changu, pale nilipoandika vilevile kwamba mtu atoke na kundi kwanza. Futa."

Nikafuta, mistari minne. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kila neno lililokuja lilinuka ule uongo wa mpita njia.

Akatia tepu mpya, akabonyeza kitufe chekundu kwa mkono wa kushoto, akanisogezea mashine.

"Mtu aliye ndani ya kundi," alisema, "akiona kundi limekosea, afanye nini?"

Tepu ilizunguka upande mzima. Nilipomtumia mhariri ukurasa wangu, niliandika swali hilo na kwamba aliyeulizwa ni mimi, na mahali pa jibu nikapaacha wazi.