Siku Vester Alipomsifu Mkewe Redioni

Kila Jumamosi asubuhi, mwaka baada ya mwaka, Vester Tackett aliachwa na mkewe. Aliachwa katika nyimbo zake, kwa gitaa na fidla, redioni, katikati ya tangazo la unga wa ngano na bei za nguruwe, na nusu ya milima ya Kentucky ililia pamoja naye. Akimaliza kuachwa, alipanda pikapu yake na kurudi nyumbani, huko juu inakoishia barabara ya vumbi. Mke huyohuyo, Orlene, alikuwa keshamwekea kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi. Vester alikula kwa hamu ya mtu asiyewahi kuachwa na kitu chochote, hata kitambi.

Na si hilo tu. Aliimba mateso ya jela, ilhali polisi walimsimamisha mara moja tu, kwa taa ya pikapu iliyovunjika. Aliimba kuhusu farasi wake, ilhali farasi wakimkaribia yeye alipiga chafya mpaka kofia ikamdondoka. Mama yake, ambaye Vester alikwisha kumzika katika nyimbo kadhaa, alikuwa hai, anatafuna tumbaku na kumwomba Mungu mwanawe apate kazi ya maana. Kazi alikuwa nayo: aliuza misumari na mbegu dukani. Lakini nani atalilia wimbo wa misumari? Muziki wa kwao unamtaka mtu aliyepondeka. Ukiwa na meno yote na mke mwaminifu, nenda kafanye kazi benki.

Orlene hakuwa mtu wa kwenda mjini, wala wa kusikiliza redio. Siku moja aliteremka kununua vifungo, na mwenye duka aliposikia jina lake akamkagua kuanzia kofia hadi viatu.

"Kumbe ndiwe! Umemrudia maskini wa Mungu?"

"Nimemrudia nikitoka wapi?"

"Si kwa yule dereva wa lori."

Jioni Vester alimkuta mkewe amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Eti mimi nimetoroka na dereva wa lori?"

"Ni wimbo tu, mke wangu. Mwanzoni alikuwa mpiga banjo, watu wakamchoka."

"Sasa nisikilize, we mzee. Jumamosi utaimba wimbo mmoja wa kweli juu yangu, tena wa kunisifu. La sivyo naenda kwa dada yangu Ohio, na nyimbo zako zote ziwe kweli, uimbe mpaka koo likauke."

"Na kuku?"

"Kuku naondoka naye."

Vester angecheka, ila sanduku la nguo la Orlene lilikuwa tayari limeegeshwa ukutani, limefungwa kamba.

Juma zima alihangaika barazani na gitaa. Kila alipoanza kwa furaha, vidole vyenyewe vilirudi kwenye kilio, kama punda anayejua njia ya zizini. Jumamosi akaenda na alichonacho. Aliimba mikono ya Orlene yenye unga, anavyoimba vibaya kanisani bila haya, anavyomfunika blanketi akidhani kalala. Kwenye ubeti wa mwisho akalikumbuka sanduku. Sauti ikakatika, machozi yakamtoka, ya kweli kwa mara ya kwanza tangu aanze kuyauza.

Mtangazaji alivua kofia. "Pole sana, Ndugu Vester," alisema, milima yote ikisikia.

Vester alidhani anapewa pole kwa ubovu wa wimbo. "Asante," akajibu, akaondoka.

Alikuwa amesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa milimani analijua: kwenye nyimbo zao, mke hasifiwi hivyo akiwa bado anapumua.

Alipofika nyumbani alikuta magari yamejaa uani. Akina mama wa kanisa la Kibaptisti la ng'ambo ya mlima walikuwa wamevaa nyeusi, wamebeba mabakuli ya maharage ya kuoka na pai za tufaha. Mbele yao alisimama Dada Hester, amekumbatia paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, analia. Mlangoni alikuwa Orlene na aproni yake.

"Wewe ni ndugu wa marehemu?" Dada Hester aliuliza.

Orlene alimtazama mgeni. Akalitazama lile paja.

"Wa karibu sana," akasema, akalipokea.

"Alikuwa malaika. Na lile la dereva wa lori tumemsamehe."

"Mna roho nzuri, Dada. Pai wekeni pale mezani."

Walipoondoka, Vester aliuchungulia ukuta. Sanduku halikuwapo.

"Sanduku liko wapi?"

"Nimelifungua. Nani ataziacha pai zote hizi?" Orlene alikuwa anakata nyama. "Yale uliyoimba ni kweli?"

"Kila neno."

"Na kilio?"

"Nilikuwa nawaza utaondoka."

Orlene aliinamia tena nyama. Alimkatia kipande kikubwa kuliko chake, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile.

"Jumamosi ijayo nirudishe kwa dereva wa lori," alisema hatimaye. "Kufa kuna wageni wengi mno."

Huko nje pikapu nyingine ilinguruma ikipanda kilima. Orlene alichungulia dirishani, akajifuta mafuta mdomoni, akavaa uso wa msiba.

"Lia, Vester," akanong'ona. "Hawa wamekuja na keki."