Asilimia Tisini na Saba

Mimi kazi yangu ni kutengeneza mafriji. Basi siku moja nikaitwa Kilifi kama mtaalamu, pamoja na mafundi wengine, nikapewa kalamu mpya na chupa ya maji, nikaombwa kutabiri. Swali lilikuwa moja: mtambo wa barafu wa umeme wa jua ukiwekwa soko la samaki Sabaki, utakuwa ungali mzima baada ya miaka mitatu? Tuandike asilimia.

Mama yangu anauza samaki papo hapo Sabaki. Alikuwa keshawatangazia wenziwe kwamba mwanawe ndiye atakayeamua.

Nikaandika kumi na tano. Kwenye picha tulizoonyeshwa, mabomba yalikuwa shaba tupu, hayakupakwa chochote, na upepo wa chumvi wa kwetu haumbembelezi mtu. Nimeshazika mafriji mangapi mimi!

Wenyeji wetu walikuwa na utaratibu wao, wakatueleza kwa fahari. Karatasi hazina majina, ili mdogo asimwogope mkubwa. Zinabandikwa ukutani, zinasomwa, kisha kila mtu ana ruhusa kubadili jibu lake. Safi kabisa. Walichosahau ni kwamba nusu ya chumba tulifundishwa ufundi na mzee mmoja, naye ameketi mbele pale, na hakuna mwingine anayeikata tarakimu yake ya saba kwa mistari miwili. Tukaiona ukutani: tisini na saba. Lo! Chumba kizima kikashika adabu.

Nimkosoe mwalimu wangu mbele ya watu? Mimi? Duru ya pili nikaandika tisini. Wenzangu vivyo hivyo. Wenyeji wakafurahi mno, wakasema ni nadra wataalamu kuafikiana kiasi kile.

Mtambo uliwekwa, ukafa kabla ya mwaka kwisha, samaki wamo ndani. Nilipoitwa kuutazama, nilipitia kwanza kwa mwalimu, nikamwamkia, nikamuuliza kwa upole aliona nini siku ile.

"Mitambo ile mimi siijui, mwanangu," akasema. "Nilidhani nyinyi vijana mmeshaikagua. Sikutaka kuwavunja moyo."

Nilicheka njia nzima mpaka Sabaki. Mama alikuwa akimwaga samaki waliooza, na wenziwe wakimwaga wao. Hakuna aliyeitikia salamu yangu.

"Hukujua kama mtambo utakufa?" mama akaniuliza.

"Nilijua, mama."

Akatua beseni chini. "Hawa walikuwa hawautaki mtambo," akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia, wekeni samaki wenu, mwanangu amesema."