Tulivyorekodi "Nipe Ufunguo" Mtaa Mzima Ukisikiliza

Mnaotaka kucheka chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikianza sitaki kukatizwa. Ni aibu yangu, siikatai, nimeibeba miaka yote hii, na najua wako watu wa mtaa wetu wa Buruburu ambao mpaka leo tukikutana dukani wananikoholea (kile kikohozi cha mtu anayejua kitu), lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunijia mimi mwenyewe akaniuliza ilikuwaje. Basi leo nasema.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho, vijana wote wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, wamefuga nywele kama mzinga wa nyuki na kuvaa suruali pana chini, na kila mtaa una bendi yake ya roki. Mimi na bwanangu Owino hatukuwa vijana wa namna hiyo. Yeye karani wa reli, mimi napiga taipu ofisi ya baraza la jiji, tuna watoto wawili na sofa yenye vitambaa vya kufuma. Lakini muziki tulikuwa nao. Gitaa nilijifunza mimi kwanza, shule ya bweni, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na subira, halafu nikamfunza Owino tulipokuwa tunachumbiana, kwenye kibaraza cha shangazi yangu kule Makongeni, mpaka vidole vyake vikavimba akawa hawezi kushika kijiko. Na nyimbo zote za ile albamu tuliyokuja kurekodi nilitunga mimi, jikoni, nikisonga ugali. Owino alitunga kile kipande cha gitaa peke yake katikati ya wimbo mmoja, na angependa mjue hivyo, kwa hiyo nimewaambia.

Aliyekubali kuturekodi ni Bwana Maina, mtu mmoja aliyekuwa na duka la santuri mjini na kachumba ka kurekodia nyuma ya duka. Tukaenda Jumamosi baada ya Jumamosi, tukamaliza nyimbo zote isipokuwa mmoja, "Nipe Ufunguo". Wimbo wenyewe ni wa mke aliyefungiwa ndani na bwana mwenye wivu, mke anadai ufunguo aende zake, bwana anamjibu kwamba ameumeza. Nikauimba kwa Maina mpaka koo likakauka, naye anatikisa kichwa tu.

"Mama Atieno," akaniambia (Atieno ndiye mtoto wangu wa kwanza), "unaimba kama mtu ameenda kwa jirani kuomba chumvi. Huyu mwanamke amefungiwa. Nataka nisikie amefungiwa."

"Sasa nifanye nini?"

"Chukueni mashine yangu ile ya kurekodia kwa mkanda, mwende nayo nyumbani. Mtu hukasirika vizuri akiwa kwake."

Huyo Maina mwacheni kwanza, nitamrudia.

Sasa kulikuwa na shida moja. Kanisani kwetu hakuna aliyejua kwamba tunarekodi roki. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, Owino alikuwa msomaji wa somo la Jumapili na walikuwa wanamwandaa kuwa mzee wa kanisa, na Mzee Shadraka, aliyekuwa mkubwa wa wazee, alikuwa ameshahubiri mara kadhaa kwamba muziki ule wa magitaa ya umeme unaingia kwa masikio na kutoka na roho ya mtu. Na jirani yetu, tunayepakana ukuta kabisa, ni Mama Ezekieli, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke ambaye ukipiga chafya kwako anakwambia pole akiwa kwake. Kwa hiyo Jumamosi ile tuliwapeleka watoto kwa shangazi, tukasimamisha magodoro kwenye madirisha, tukatundika mablanketi mlangoni, tukafunga mlango kwa ufunguo, tukawasha mashine.

Ngoma hatukuweza kuleta, maana ngoma haifichiki kwa blanketi. Owino akasema tutafute kitu cha kushika mdundo. Nikachukua sanduku lake la ngozi, lile la safari, nikachukua mkanda wa suruali, nikawa nalichapa sanduku kwa mkanda huku naimba. Na mdundo ulikuja mzuri sana, sitaki kusema uongo.

Tatizo likawa joto. Jua la Februari nje, magodoro madirishani, ile mashine ya Maina inatoa moto kama jiko, Owino amebaki na fulana ya ndani, mimi nimejifunga leso kifuani na nywele zimetoka kwenye vibanio zikasimama. Nikaona nitazimia. Nikaenda jikoni nikafungua dirisha, lile dogo la juu ya karai la kuoshea vyombo, upana wake hata paka aliyenenepa hapiti. Hilo tu. Hakuna kingine nilichofanya siku ile ambacho mtu anaweza kunilaumu nacho.

Tukaimba. Mimi: "Nipe ufunguo, nimechoka kukaa humu!" Mkanda, paa. Owino: "Ufunguo nimeumeza, huendi popote!" Mkanda, paa, paa. Na kwa sababu Owino kila tukifika kwenye kile kipande chake cha gitaa alikuwa anakosea, tunarudia kutoka mwanzo. Tena na tena. Mimi nazidi kukasirika kwa kweli (Maina alijua alichosema), sauti inazidi kupanda, na mkanda nazidi kuushusha kwa nguvu.

Nyinyi mmeshaona kilichokuwa kinasikika kwa Mama Ezekieli. Mimi sikuona.

Baadaye ndipo nilipoambiwa yote. Tulipoanza alifikiri ni maneno ya kawaida ya mke na mume. Tulivyorudia akaita jirani wa upande wa pili. Wakaja wengine, wakajaa kwenye uwanja wake wa nyuma, karibu na dirisha langu, akatumwa mtu kumwita Mzee Shadraka, na bwana yake Mama Ezekieli akawasha gari akaenda mpaka Soko la Burma kumchukua kaka yangu Njoroge, aliyekuwa na buchari pale. Mjue kwamba Njoroge hakuwa amefurahia mimi kuolewa mbali na kwetu, na siku ya harusi alimwambia Owino mbele ya watu kwamba siku akinigusa atakuja mwenyewe. Sasa siku ilikuwa imefika, na jamani, alikuja kweli. Alikuja na koti lake jeupe la buchari lenye damu ya ng'ombe kifuani.

Mlango haukubishwa. Ulivunjwa. Blanketi likaanguka pamoja na kitasa, na nyuma ya Njoroge nikaona Mzee Shadraka na kofia yake mkononi, na nyuma ya Mzee Shadraka nikaona Buruburu.

Hebu tazameni walichokiona. Owino yuko kwenye kona kwenye fulana ya ndani, jasho linamtiririka, macho mekundu, amekumbatia gitaa kama mtu anayejikinga. Na mimi niko katikati ya chumba na leso na nywele zimesimama, mkono wangu uko juu, na mkono una mkanda.

Kaka yangu akashusha pumzi. "Kumbe ni wewe unampiga," akasema, na naapa kwenye ile sauti kulikuwa na fahari kidogo.

"Hakuna anayempiga mtu," nikamwambia. "Tunaimba."

Mzee Shadraka akatazama lile gitaa, akatazama waya unaoingia ukutani. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia Owino. "Ndugu Owino, haya ni mambo gani nyumbani mwako?"

Hapo ndipo penyewe. Mtu angesema tu, mzee, tunarekodi albamu, mimi na mke wangu, ni kazi yetu. Maneno machache. Owino akaweka gitaa chini polepole kana kwamba amelikuta tu pale, akapangusa uso, akasema, "Mzee, hata mimi nimemwambia mama watoto aachane na haya mambo. Ni yeye anayeyapenda."

Nilisikia masikio yanawaka. Mkanda niliutupa, hiyo mniandikie mema, lakini mdomo sikuutupa. "Ni mimi ninayeyapenda?" nikamwuliza. "Owino, hizo nyimbo nani alizitunga? Hilo gitaa nani alikufunza? Hilo gitaa nilikufunza mimi! Kibarazani kwa shangazi, unalia vidole vinauma. Leo kwa sababu mzee amesimama mlangoni hunijui." Na nikaendelea. Sitarudia yote. Nilisema habari ya kile kipande chake ambacho mchana kutwa alikuwa amekiharibu, nilisema habari ya mama yake, ambayo haikuhusika hata kidogo, nilisema anavyokoroma. Naye akaanza kunijibu, na mtaa mzima umejaa kwenye sebule yangu umeegemea vitambaa vyangu vya kufuma.

Nikamgeukia Mama Ezekieli. "Na wewe. Ulisikia tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mama."

"Ulifikiri nauawa?"

"Nilifikiri hivyo, kweli kabisa. Nikawa nasema, mtoeni huyo mama kabla hajafa."

"Ukabisha mlango?"

Akanitazama kama sielewi kitu. "Tulikuwa tunamngoja kaka yako," akasema. Na mkononi ana kikombe. Walikuwa wamepika chai. Mimi nauawa, kwa fikira zao, nauawa mara moja, nauawa mara ya pili, narudi mwanzo nauawa tena, na wao wako nje wanapitishiana sukari. Aibu zote nilizopata siku ile zimeshapoa, lakini hiyo chai haijapoa mpaka leo. Maana mahali pengine pale mtaani pengine alikuwapo mwanamke aliyekuwa anapigwa kweli, bila gitaa, na chai ilipikwa vilevile.

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Njoroge akasimamisha mlango ukutani, akasema atamleta fundi, akamshika Owino bega (bega la Owino, si langu) akamwambia pole. Hapo ndipo nilipogundua ile mashine ya Maina bado inazunguka.

Hatukusemeshana siku kadhaa. Owino ndiye aliyerudisha mashine na mkanda wake wa sauti, na kwa vile hatusemeshani, hakuna aliyekaa akausikiliza kwanza. Alimwambia Maina achague palipo pazuri. Maina akachagua.

Albamu ilipotoka sikuisikia dukani, niliisikia Burma. Nilikwenda kwa Njoroge kuchukua nyama ya Jumapili, na pale mahali pa nyama choma kando ya buchari yake walikuwa wamefungulia santuri kwa sauti ya juu, wimbo wetu unapigwa, na nikasimama nikiona fahari, nasema moyoni, Wambui, ni wewe huyo. Wimbo ukafika mwisho. Haukuisha. Mlango ukavunjika. Halafu nikajisikia mimi, wazi kabisa, nikidai nani alimfunza nani gitaa, na mtu mzima aliyekuwa anakata nyama akainua kisu akajibu pamoja na watu wote wa meza zake, "Nilikufunza mimi!" Walikuwa wameshaikariri. Mkoromo wa Owino walikuwa wameuimbia sauti mbili.

Nikatoka pale mbio mpaka dukani kwa Maina na nyama mkononi. Akanipa jalada nilione, anatabasamu. Picha ya Owino na gitaa. Mimi niko nyuma ya bega lake, nusu. Na kwa herufi kubwa: OWINO NA MKEWE.

"Jina langu liko wapi?"

"Halikuenea, mama."

"Wambui ni herufi sita. Mkewe ni tano. Herufi moja ndiyo haikuenea?"

Akajikuna. "Na watu wanapenda sana pale mwisho," akasema.

Jumapili iliyofuata Mzee Shadraka aliniita pembeni akaniambia nipumzike kwaya kwa muda. Mimi. Msomaji wa somo siku ile alikuwa Owino. Alisimama mbele na Biblia imefunguliwa, akanitafuta kwa macho kwenye viti vya nyuma, akafunga Biblia, akasema hawezi kusoma kama mkewe hawezi kuimba, kwa sababu nyimbo walitunga... hapo akakwama, akasema tena, "Nyimbo alitunga Wambui, na gitaa alinifunza Wambui, na siku ile niliogopa." Halafu akaja akakaa nami nyuma. Uzee wa kanisa aliupotezea pale pale. Juma lile alikwenda pia kwa Maina na kalamu ya wino, akaandika jina langu kwa mkono kwenye majalada yaliyobaki mpaka alipofukuzwa, na wino ulipaka vibaya, lakini ukikuta moja lina doa la buluu juu ya uso wa Owino, hilo ni lenye jina langu.

Nimemsamehe, tumezeeka pamoja. Lakini kurekodi naye tena, hapana. Alikuja na nyimbo mpya mwaka uliofuata, amezitunga mwenyewe, nzuri hata, nikamwambia tutaimba tukiwa tunaosha vyombo na zitaishia hapo hapo kwenye maji. Mtu unayelala naye kitanda kimoja usiwashe mashine mbele yake, hilo ndilo ninalowaambia wote wanaonijia na habari za bendi ya mume na mke.

Maana kuna Jumapili moja mchana nimejilaza, nikasikia santuri yetu kupitia ukutani kwa Mama Ezekieli. Alikuwa na wageni. Kwaya nzima ya akina mama, wanacheka, wanagonganisha vikombe. Wimbo ukaisha, mlango ukavunjika, ugomvi wetu ukaanza upya, na nikamsikia Mama Ezekieli akiwanyamazisha.

"Shhh," anasema. "Nyamazeni kidogo. Sasa naingia mimi."