Uji Niliompelekea Baba Mkwe

(Jina la mwandishi na la kijiji chake tumeyahifadhi.)

Mwenye ukurasa, nakuomba usinitaje, maana gazeti hili linasomwa hadi madukani Mlowo na watu wa kwetu hawakosi mtu huko. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita. Nimesoma misheni kule Mbozi, nikaolewa huku milimani Undali. Mume wangu alikuwa Rodeshia kwenye migodi ya shaba, amerudi majuzi. Mtoto sina. Nilizaa wawili, wote nimewazika.

Nilipomzika wa pili, akili yangu ilikaribia kuniacha. Nililala nimegeukia ukuta, chakula hakipiti, shamba likaota magugu mpaka majirani wakaacha kunisemesha. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja mara moja tu. Akasimama mlangoni, akasema, "Wenzako wanazaa na kulea, wewe unazaa na kuzika. Amka basi, angalau ulime." Ndiyo pole niliyopewa katika nyumba hii ya Wakristo.

Huyo wifi ndiye aliyeachiwa kazi ya kumlisha baba yao, yaani baba mkwe wangu, mzee kipofu anayekaa peke yake katika nyumba ndogo nyuma ya migomba. Mnaotoka mbali mnielewe: kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hamgusi, hata njia yake anaikwepa. Mchungaji amehubiri sana kulipinga jambo hilo. Watu wanaitikia amina, kisha wanarudi nyumbani kukwepana. Kwa hiyo mimi nilikuwa nasikia tu kwa mbali. Nilimsikia mzee akiita, "Mwanangu, na leo hakuna kitu?" Na wifi akimjibu kutoka nyumbani kwake, "Si ulikula jana!"

Nikashindwa kuvumilia. Asubuhi moja nilipika uji wa ulezi, nikautia kwenye kibuyu, nikajifunika kanga usoni, nikaenda kinyumenyume hadi mlangoni pake. Nikauweka chini, nikapiga makofi, nikakimbilia migombani. Nikamsikia anapapasa, anakunywa. Kisha akasema, "Asante, binti yangu. Leo umenikumbuka." Alidhani ni wifi. Mimi niliyekuwa sijatoa chozi tangu mazishi, nililia pale migombani mpaka kifua kikawa chepesi, na usingizi ukanipata. Kesho yake nikapika tena. Nikaanza kuamka nikiwa na jambo la kufanya. Nikala, nikapalilia kahawa, siku moja nikajikuta naimba. Nilikuwa nimepewa dawa za kila namna na hakuna hata moja iliyonifanyia hivyo.

Wifi alijua. Kanisani walimsifu kwa kumtunza baba, naye akainamisha kichwa kama malaika. Akaniambia, "Endelea kupika, mke wa kaka. Ila ukifungua mdomo mzee ataacha kula, na mimi nitasema umemvunjia heshima." Sikujali. Sifa achukue yeye, mradi mimi nimepata usingizi.

Ikaja masika. Mzee alitoka kukipokea kibuyu, akateleza kwenye matope, akaanguka mtaroni kichwa mbele, maji yanamwingia puani. Nilimwita wifi kwa nguvu. Akajibu, "Nina unga mikononi!" Nikaruka, nikamshika mabegani, nikamwinua, na neno likanitoka: "Pole, baba."

Akanipapasa uso. "Wewe si mwanangu. Ni nani?"

Ningeweza kukimbia. Nikasema, "Ni mimi, mke wa mwanao. Uji wote ule nilikuwa naupika mimi." Nilidhani, mjinga mimi, kwamba atanibariki. Alinisukuma, akafunika uso kwa mikono yenye matope, akalia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. "Mmenilisha aibu," akasema. "Bora mngeniacha na njaa."

Tangu hapo mzee hali chakula cha uani kwetu. Kila anachopewa anakimwaga, anasema kina mkono wangu. Anakunywa maji tu. Mume wangu aliporudi alimkuta mifupa mitupu. Hakumuuliza dada yake hata neno moja. Alinitazama mimi, akasema, "Watoto wangu umewazika, sasa unamzika na baba yangu."

Wazee wamekaa, wakatoa njia yao. Jumapili baada ya ibada nisimame nje ya nyumba ya mzee, nitangaze kwamba nilimdanganya, kwamba uji ulikuwa wa binti yake na mimi nilipita tu siku ile nikamgusa. Hapo atachinjiwa kuku, atatakaswa, atakubali kula mkononi mwa wifi. Nami nisikanyage tena migombani. Nikikataa, nirudi kwetu Mbozi, mume wangu aoe mwingine.

Jana wifi alikuja jikoni kwangu kwa sauti laini, akaniomba nimwonyeshe jinsi ninavyoupika ule uji. Moyo wangu ukafurahi jamani! Nikamwonyesha yote, namna ya kukoroga ulezi usishike madonge, na kwamba mzee hana meno hivyo uwe mwepesi. Alipomaliza kusikiliza akacheka. "Nilitaka tu kuona kama utanifundisha. Nani ataamka asubuhi yote hiyo kwa ajili ya kipofu?"

Nimerudi kulala nimegeukia ukuta. Nikisema uongo, mzee atafungua mdomo, lakini wifi hatatia kitu. Nikisema kweli, atakufa akinichukia, nami nitakuwa nimefukuzwa. Jumapili inakuja, na kikohozi cha mzee ninachokisikia kutoka nyuma ya migomba kinazidi kufifia. Ndugu wasomaji, ninyi mngesema lipi mbele ya mlango ule?