Kilima cha Digrii Themanini na Sita

Jumamosi, saa tisa na robo mchana, kaka yangu wa Kidato cha Nne alishuka kwenda kupima kilima chetu, kabeba protrakta, uzi na kiburi. Rafiki yake, ambaye kazi yake duniani ni kumsifu, alimfuata akisukuma baiskeli ya nyumbani.

Baba ndiye aliyemtuma. Shule yangu iko Homa Bay, na sisi tunakaa juu, upande wa Rodi Kopany. Kilima kikipandika kwa baiskeli, baiskeli hiyo ingekuwa yangu ya kwendea shule. Kisipopandika, Jumatatu ningehamia kwa shangazi mjini, nimlelee watoto na nisome wakilala. Watoto wale hawalali. Na kaka mwenyewe anaitaka baiskeli hiyo ya kwenda kujionyesha sokoni! Mpimaji gani huyo?

Nilikuwa nateka maji kisimani, chini ya kilima, nikawaona. Kaka aliibana protrakta chini ya bomba la juu la baiskeli, uzi wenye kijiwe ukaning'inia. Akasoma pale ulipopita.

"Themanini na sita!"

"Omera, ndugu yangu!" rafiki akapiga mluzi. "Hii si ya wasichana."

Themanini na sita! Tisini ni ukuta, jamani. Ng'ombe wetu hupanda hapo kila jioni. Labda wana kucha za mjusi. Barabara ikiwa tambarare uzi hulala kwenye tisini, kwa hiyo mwinuko ni kile kilichopungua kwenye tisini. Digrii nne. Nilijua, na sikusema, maana mbele ya wavulana ulimi wangu hugeuka ugali.

Jioni Baba, ambaye hajawahi kushika protrakta, aliisikia themanini na sita kwa heshima kana kwamba ni maksi.

"Basi, nyathina, mwanangu," akaniambia, "funga nguo zako."

Sikufunga. Asubuhi, kabla ya kanisa, nilishuka na baiskeli kisimani, nikafunga jerikeni iliyojaa nyuma, nikakipanda kilima nikiendesha. Nilihema kama punda, sketi ikala grisi ya cheni, lakini mguu haukugusa chini. Kaka alikuwa uani akipiga mswaki, povu likamdondoka.

Nikatua maji miguuni pa Baba.

"Ni nne, Baba."

Akaitazama jerikeni, akamtazama mwanawe msomi. Kisha akaliminya gurudumu la nyuma.

"Hili halina upepo. Litakufikishaje shule kesho?"

Nikaenda kwa jirani kuazima pampu.